Wifi Yangu Hajui Kukataa

Bukavu, Jumapili, mvua haijakatika

Mvua ilianza wakati wa misa ya kwanza na mpaka sasa inanyesha. Mtaa wetu wote wa Kadutu ni matope. Nimekaa kitandani na viatu bado viko miguuni, na nina kinyaa. Kama ingekuwa hasira ningeijua dawa yake, ningempigia mtu kelele ikaisha. Kinyaa hiki kimekaa kooni, nakunywa maji, hakishuki.

Ngoja nipange maneno, maana nikiandika hivi hivi nitaishia kutukana.

Kaka yangu Bisimwa alikufa mvua hizi zilipoanza. Alikuwa agronome, bwana shamba, wiki nzima yuko Sange na wakulima wa mpunga, na siku ile alikuwa anapanda kurudi nyumbani. Lori lilikosa breki kwenye kona za Ngomo. Tulimzika Walungu, karibu na baba. Ameacha mke, Hilde, na binti mmoja, Zawadi, ambaye hajang'oa hata jino la kwanza.

Hilde ni Mbelgiji. Alikuja kufundisha ushonaji kwa masista, akapendana na kaka yangu, akabaki. Si mtu mbaya. Ninaliandika hilo mapema kabla sijaanza kumsema.

Ubaya wote ulianzia kwenye kilio. Watu walijaa nyumbani kwake Muhumba, kila mtu na kiu yake, na yeye akatoa vikombe vya plastiki. Vile vya maua, alivyopewa na mama yake, vilibaki kabatini. Jirani mmoja aliona, akanong'ona. Kabla giza halijaingia, nyumba nzima ilikuwa inajua kwamba mzungu amewaficha watu vikombe, na mtu mmoja nyuma ya mlango akalisema lile neno: raciste, mbaguzi.

Hilde alilisikia. Badala ya kunyamaza kama mtu aliyefiwa, alisimama mbele ya watu na kitambaa chake cha matanga kichwani, akaomba msamaha. Akalia. Akafungua kabati, akagawa vile vikombe vya maua kwa mtu mmoja mmoja, kama komunio. Vingine vilivunjika, vingine viliondoka kwenye vikapu vya watu. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Tangu siku ile hajamwambia mtu mweusi hapana.

Siku hizi neno lile liko kila mahali. Tangu maduka ya Wagiriki na Wahindi yagawiwe wananchi, watu hawazungumzi kingine. Radio inasema, mikutano ya chama inasema, hata mtu aliyepunjwa sukari sokoni anasema. Nani mbaguzi, nani alikuwa mbaguzi, nani anajifanya si mbaguzi. Nafanya kazi posta, kwenye dirisha la vifurushi, na ninasikia yote.

Na mimi ubaguzi ninaujua, sikuhadithiwa. Marehemu baba alinunua mkate kwenye dirisha la nyuma la duka, kofia mkononi, na mzungu aliyemuuzia alimwita boi mbele yangu. Giza likiingia hakuwa na ruhusa ya kupita Ibanda, mtaa wa wazungu, bila karatasi. Kwa hiyo mtu asinifundishe.

Lakini haya ninayoyaona mwaka huu sijui niyaite nini.

Nieleze desturi yetu, kwa sababu hakuna aliyeniuliza na ninataka kumwambia mtu, hata kama ni karatasi. Kwetu sisi Bashi, au tuseme katika ukoo wetu, jamaa za marehemu wakija kuomba vitu vyake, wanaomba kila kitu. Wanaomba nyumba, wanaomba kitanda, wanaomba masufuria. Na ndugu za mjane, ambao wamekaa upande wake wa mkeka, wanakataa kila kitu. Watu wanaitana wezi. Maman mmoja anazimia kidogo. Kasiksi, pombe ya ndizi, inaletwa, kelele zinapungua, na mwisho jamaa wanaondoka na koti la marehemu na mbuzi mmoja, na kila mtu anarudi kwake ameridhika kwamba ameheshimiwa.

Anayekubali bila kugombana amekutukana. Amekuonyesha kwamba hata kugombana nawe hakufai.

Hilde hana ndugu huku. Upande wake wa mkeka alikaa peke yake.

Tonton Balagizi, mdogo wake baba, ndiye mkubwa wetu sasa. Anauza chumvi na pombe kwa wachimbaji wa Luhwindja, na alikuja na abacost, ile suti ya siku hizi isiyo na tai, iliyombana tumboni. Akaanza na radio, kama inavyotakiwa. Hilde akasema ndiyo. Tonton akatazama kushoto na kulia, akingoja mtu apige kelele. Hakuna. Akaomba frigo. Ndiyo. Nguo zote. Ndiyo. Akaomba mashini ya kushona, ambayo haikuwa ya marehemu hata siku moja, ni ya Hilde, ndiyo inayomlisha.

Ndiyo, Tonton. Bila shaka.

Nilimwona Tonton akipangusa jasho. Mwanzoni alikuwa na aibu, naapa alikuwa na aibu, lakini aibu haidumu kwa mtu anayepewa. Waliporudi mara ya pili alikuja na kamyoneti ya kukodi. Hapo ndipo kinyaa changu kilipoanza, na kilianza na watu wangu, nisije nikajidanganya. Ile frigo sasa iko Walungu, kijiji ambacho hakijaona nguzo ya umeme. Tantine Nsimire, dada yake Tonton, anaweka ndani viatu vyake na unga wa mihogo. Anasema ni nzuri sana, panya hawaingii.

Halafu siku ya kumaliza matanga, Tonton akamwomba Zawadi.

"Mutoto ya Bisimwa ni mutoto ya ukoo," alisema. "Atakula bugali ya kwetu, atajua kusema Mashi. Dimanche, nyuma ya misa, tutakuja kumubeba."

Hakumtaka. Nyumba yake imejaa wajukuu, wanalala miguu ya huyu kwenye kichwa cha yule. Nadhani alikuwa amechoka na zile ndiyo. Alitafuta kitu ambacho mwanamke yeyote duniani atakikataa, ili kelele zipatikane, mambo yarudi kuwa mambo. Sote tulivuta pumzi tukingoja.

Hilde akawa mweupe kama chaki. Akasema, kwa kile Kiswahili chake kizuri cha masista, "Ndiyo, Tonton. Ninaheshimu desturi yenu."

Kisha akamshukuru. Alimshukuru!

Maneno yakishasemwa mbele ya wazee hayamezwi tena. Tonton hakuweza kurudi nyuma, ingeonekana anamdharau mtoto wa ndugu yake. Hilde hakuweza kurudi nyuma, ingeonekana anatudharau sisi wote. Na Zawadi ana kifua. Kule juu Walungu baridi ikishuka, kinambana, anapiga miluzi akipumua. Mara ya mwisho Bisimwa alimteremsha hospitali mwenyewe, amemfunga ndani ya koti lake. Huko Walungu nani ana gari la kumteremsha?

Alhamisi nilikwenda kumwona Hilde. Nilimweleza desturi kama nilivyoiandika hapa, mpaka na maman anayezimia. Alinishika mkono. Akaniambia mimi ni mwema, kwamba ninasema hivyo ili kumfariji, lakini yeye amesoma kitabu cha padre mmoja aliyeishi na Bashi, na padre ameandika kwamba watoto ni wa ukoo wa baba. Nilimtazama. Mimi niliyezaliwa ndani ya desturi hiyo, na padre aliyepita, na yeye amemchagua padre. Kwa heshima, lakini.

Niliondoka bila kunywa chai.

Ijumaa jioni parokia ilikuwa na mazungumzo kwenye sali, ukumbi wake wa mikutano, wazungu na wananchi pamoja, juu ya Mkristo na rangi ya ngozi. Nilikwenda na koti la mvua, nimejiandaa. Walipomaliza kuelezana jinsi wanavyoteseka kwa makosa ya baba zao, nilisimama nikawaeleza habari za Zawadi. Nikasema: keshokutwa mtoto anachukuliwa, mama yake anaogopa kukataa, ninyi ni marafiki zake, mwambieni akatae.

Watu wakatazama viatu vyao. Kisha Mademoiselle Odile, anayefundisha liseyani, shule ya sekondari, na ambaye ndiye rafiki mkubwa wa Hilde, akasema kwa Kifaransa kizuri, kile cha kulainisha, kwamba swali ni gumu, kwamba Wazungu wamekwisha kuhukumu desturi za watu vya kutosha, kwamba wao hawana haki tena ya kusema. Na watu wataonaje? Vichwa vikaitika mstari mzima.

Nilikuwa nimesimama pale, Mshi mzima, mwenye desturi yake mdomoni, na hakuna aliyeniuliza desturi yenyewe inasemaje.

Walikuwa wanajipangusa wao. Mtoto hakuwemo katika sali ile.

Na wananchi waliokuwepo? Wawili walinifuata mlangoni, wakaniambia nisimtetee mzungu mbele ya watu, nitaonekana vibaya. Kumbe wote tuna ugonjwa mmoja. Kila mtu anajitazama kiooni, na mtoto anafungiwa kikapu.

Jana niliyasema haya kwa Citoyen Mugisho, tunayekaa naye dirisha moja pale posta. Alikuwa anabandika stempu, hakuinua kichwa.

"Ule anaitika juu ya kutuogopa," alisema. "Haiko juu ya kutupenda. Mutu unapenda, unagombana naye."

Nikagonga muhuri kifurushi kilichofuata.

Basi leo.

Wamekuja baada ya misa, wamelowa. Tonton, Tantine Nsimire na kikapu cha kutilia nguo za mtoto, na wazee wawili wa kushuhudia. Zawadi alikuwa amevishwa sweta mbili na viatu vya sikukuu. Aliambiwa anakwenda kuona ng'ombe. Tantine alimpakata, akaanza kumsuka nywele zake laini, ambazo hazishiki, na mtoto alikuwa anacheka.

Mkeka ulikuwa umetandikwa sebuleni, mahali palipokuwa na radio. Sisi jamaa upande wa dirisha. Hilde upande wa jikoni, peke yake, mikono juu ya magoti.

Tonton akauliza kama bado ni ndiyo. Hilde akaitika kwa kichwa. Nikamwona Tonton anatafuta, macho yanazunguka kwenye kuta kama mtu aliyepoteza ufunguo. Akaongeza.

"Na mama asikuje kumutembelea kwanza. Mwaka muzima. Mutoto azoee."

Huyu mzee alikuwa anamsihi akatae. Kila mtu mwenye masikio alisikia. Kila mtu isipokuwa yeye. Akafungua mdomo, na niliiona ile ndiyo inakuja, niliiona kwenye midomo yake.

Nikainuka. Nikavuka mkeka, nikakaa upande wake, bega langu kwenye bega lake.

Sijawahi kusikia kwamba dada wa marehemu amefanya hivyo. Ni kama kujizika ukiwa hai.

"Nabintu," Tantine aliita, "uko nafanya nini?"

"Niko nakaa na ndugu yangu," nikasema. Kisha nikamgeukia Tonton. "Upande wa muke unakataa. Mutoto haendi."

Na niliuona uso wa Tonton. Kwa kitambo kidogo tu, kabla hajaanza kufoka, ulikuwa uso wa mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha akafoka kama inavyotakiwa, vizuri sana, mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Damu yangu ni ya nani? Mzungu amenipa nini? Wazee wakapiga makofi ya mshangao. Nikajibu, nikafoka nami. Kwa mara ya kwanza tangu Bisimwa afe, nyumba ile ilikuwa na kilio cha kweli.

Lakini mjane mwenyewe lazima athibitishe. Tonton akainua mkono, tukanyamaza.

"Maman Hilde. Huyu anasema ya kwako, ao ya kwake?"

Mvua juu ya mabati. Tantine ameacha kusuka. Hilde akanitazama, nami sikumsaidia. Kama angesema ndiyo tena, ningekuwa nimepoteza ukoo wangu bure. Nilifikiri hilo, naungama, kabla ya kumfikiria mtoto.

"Hapana," akasema, chini chini.

"Sisikie," Tonton akasema.

"Hapana!"

Akasimama. Na yote yaliyokuwa tumboni yakatoka, Kiswahili na Kiflamand cha kwao pamoja. Mashini yake. Frigo yenye viatu. Vikombe vya mama yake. Akamnyooshea Tonton kidole, akamwita mwizi, na hapo nilitaka kupiga kigelegele, kwa sababu hiyo ni sawa kabisa, hakuna mjane wa kwetu ambaye hajawahi kumwita shemeji au baba mkwe mwizi. Wazee walikuwa wamekwisha kuanza kutabasamu. Tantine alimtua Zawadi chini, akasema, "Sasa tunaongea."

Laiti angeishia pale.

Hakuishia pale. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, uso umewaka, akasema: "Ninyi wote ni wezi. Wote! Mko hivyo hivyo, watu weusi!"

Bega langu lilikuwa bado kwenye mguu wake.

Hakuna aliyefoka tena. Tonton alifunga kifungo cha abacost, taratibu. Akasema, bila kelele yoyote, "Sasa tumemusikia." Tantine akachukua kikapu kitupu. Zawadi akauliza ng'ombe wako wapi. Wakatoka kwenye mvua bila mtoto, bila pombe, na pale mlangoni Tonton aliniambia kwamba Walungu nisifike, hata kwa kuzikwa.

Tulibaki watatu. Hilde aliketi sakafuni, hakuwa na rangi.

"Nabintu, nilisema wote."

"Nilisikia."

"Sikukusudia wewe."

Nilikuwa naangalia mikono yangu. Nilimkumbuka baba, kofia mkononi, na nilijisikia mchafu kukaa kwenye mkeka ule. Kwa hiyo neno hilo ndilo lililokuwa chini ya ndiyo zote zile. Alikuwa amelikalia tangu siku ya kilio, analibana na magoti, akitupa radio na frigo ili lisitoke.

Na bado, Mungu anisamehe, afadhali hilo kuliko ile ndiyo. Hilo naweza kulijibu. Ndiyo ile ingemuua mtoto huku inatabasamu.

Ghafla Hilde akaruka. Akachukua koti. Atawakimbilia, akasema, hawajafika mbali, lazima aombe msamaha, atapiga magoti barabarani, hawezi kuwaacha waende wakiamini kwamba yeye ni mtu wa namna ile. Alikuwa analia kama siku ya vikombe.

Nilimwambia aende kama anataka. Nilimwambia pia yatakayofuata: watampokea vizuri, watamwinua kwenye matope, watamsamehe, na ili ionekane kwamba amesamehewa watarudi naye na kile kikapu, wamchukue mtoto. Akibaki ndani, kesho Muhumba nzima itajua, keshokutwa mkutano wa chama utamtaja, na Mademoiselle Odile atavuka barabara akimwona. Na mtoto atalala hapa.

"Kwa hiyo nibaki mbaguzi," akasema.

"Ulichosema umekisema. Mimi nilikuwepo. Utaniomba mimi msamaha, siku nyingine, nikiweza kukusikiliza."

Akasimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, koti limevaliwa upande mmoja. Nje tulisikia gari alilokodi Tonton linakataa kuwaka, linakataa, linajaribu tena. Alikuwa na muda wote wa kutoka. Zawadi alikuwa amekaa kwenye mkeka anafungua kamba za viatu.

Gari likawaka. Hilde akazungusha ufunguo mara mbili, akaja, akapiga magoti, akamvua mtoto sweta ya kwanza, halafu ya pili.

Sikuaga. Nilitoka kwa mlango wa jikoni, nikapanda Kadutu kwa miguu.

Kesho nikitoka posta nitapita kwake. Simtaki, na lile neno bado liko masikioni. Lakini hana mtu mwingine wa kukaa upande wake wa mkeka, na kuanzia leo na mimi sina.